Ukuta Uishie Wapi

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu uliolazwa juu ya matofali, kwenye kona ambapo mtaa wa maduka unaachana na njia ya kuteremkia ufukweni. Ubao umelainika kwa makalio ya watu, na kila mwenye haki ya kukaa hapo anajua nafasi yake. Mwanzoni, karibu na jiko la mkaa, hukaa Kontrakta, mwenye duka la saruji na mabati, mtu wa sauti nene na mkono mwepesi wa kutoa. Katikati ni Redio, fundi wa simu na redio mbovu, ambaye habari yoyote ikipita masikioni mwake hutoka imenenepa. Mwishoni ni Breki, dereva wa malori aliyestaafu, ambaye husikiliza sana kabla hajatia neno. Anayewamiminia kahawa ni mke wa Kontrakta, ambaye mtaa mzima, wakubwa kwa wadogo, humwita Dada. Na asubuhi hiyo aliyechelewa kufika alikuwa mdogo wake Dada, baba mmoja mama mmoja, anayefua shuka za nyumba za wageni na za kliniki, ndiyo maana wakamwita Mama Shuka. Alifika na shuka moja begani, inachuruzika maji ya chumvi.

— Leo umeamua kuja kuanika hapa? Redio akamtania. Sogea basi, usitulowanishe.

— Nguzo imekwenda, akasema Mama Shuka.

— Nguzo ipi?

— Ya mbele, ya kamba ndefu. Nimetoka nje nimeikuta imelala, kamba imekatika, na shuka za watu zinaogelea. Hii nimeipokonya wimbi. Nyingine zimeshakwenda zao.

Redio akajikohoza. Breki akatazama chini. Dada, aliyekuwa ameinamisha birika juu ya kikombe cha mumewe, aliliinua kabla kikombe hakijajaa.

Ukweli ni kwamba walijua. Baba yao Dada na Mama Shuka aliwagawia mabinti zake viwanja viwili ubavu kwa ubavu, vyote vimeipa bahari uso. Mwaka uliopita, bahari ilipoanza kunyemelea, Kontrakta alitoa saruji na nondo dukani kwake mwenyewe akajenga mbele ya nyumba yake ukuta wa zege, wima, umenyooka kwa uzi. Watu walikwenda kuutazama. Wengine wakapiga nao picha. Na kweli, tangu siku hiyo hakuna tone lililoingia kwa Kontrakta. Ila ukuta ulikomea kwenye mpaka, na hapo hapo mpakani ardhi ya Mama Shuka ikaanza kumegeka. Ulianza kwenda mchanga, ukafuata ua wa miti, kisha stoo yake ikapiga ufa kutoka dirishani hadi sakafuni. Kila mtu benchini aliliona jambo hilo na hakuna aliyelisema, kwa sababu Kontrakta ni mtu mwema. Upepo ukiezua paa la mtu, yeye ndiye wa kwanza kufika na mabati.

Mama Shuka naye alikuwa akilimeza. Kumsema shemeji ni kumsema dada. Na tangu stoo ilipopasuka, Dada hakuwa amekanyaga uani kwake tena. Walikuwa wakionana hapa hapa benchini, birika katikati yao, wanaulizana habari za watoto.

— Kaa kwanza, shemeji, akasema Kontrakta, akimsogezea nafasi. Kaa utulie. Hilo jambo lako mimi nimeshalimaliza.

— Umelimaliza vipi?

— Nilitaka nikushtukize. Mawe yanakuja leo. Lori zima! Na saruji ninayo. Tunaurefusha ukuta wangu, unapita mbele ya kamba zako zote, tunaufunga kwenye mpaka wako wa kule. Utalala usingizi wa mtoto mchanga.

— Hapo ndipo ninapompendea huyu bwana! Redio akapiga paja. Watu wengine wangekupa pole, yeye anakupa ukuta. Hongera, Mama Shuka. Yaani bahari ikija itakuta...

Akakwama katikati ya sentensi. Akageuza shingo kuelekea ufukweni, akairudisha.

— Hebu ngoja kwanza. Mpaka wako wa kule unapakana na nani?

— Na kibanda chako, akasema Breki.

— Si ndiyo maana nauliza! Ukuta ukiishia hapo, si unaishia mlangoni kwangu?

— Kwani kuna ubaya gani? akauliza Kontrakta. Utakuwa jirani wa ukuta. Sifa hiyo.

— Sifa? Bwana wee, jirani wa ukuta wako yuko hapa, ameshika shuka mbichi. Muulize sifa zake.

Neno lilikuwa limekwisha kutoka. Redio mwenyewe alilitazama likienda, akatamani alivute kwa mkia. Kontrakta aliweka kikombe chini taratibu.

— Unamaanisha nini?

— Sikumaanisha kitu. Nilikuwa natania.

— Hapana, sema. Shemeji, huyu anamaanisha nini?

Mama Shuka aliitoa shuka begani, akaikunja, akaiweka mapajani. Maji yalipenya hadi kwenye gauni akayahisi baridi kwenye magoti. Alikuwa amejiandaa kwa maneno haya kwa miezi, akiyasema peke yake juu ya beseni, na mara zote yalitoka kwa hasira. Sasa yalitoka yamepoa.

— Anamaanisha kwamba maji yakifika kwako yanapigwa kofi, shemeji. Hayawezi kupanda, hayawezi kuingia. Basi yanakimbia pembeni yakiwa na hasira zake, yanakuja kunimalizia mimi.

— Kwa hiyo ukuta wangu ndio uliokula kiwanja chako?

— Bahari ndiyo inayokula. Ukuta wako unaielekeza sahani.

Breki alicheka puani, akajizuia. Kontrakta hakucheka. Uso wake ulivimba kidogo, kama wa mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoijua vizuri.

— Nilijenga kuwalinda wanangu. Dada yako yumo mle ndani. Ulitaka nikae nitazame bahari inaingia sebuleni?

— Sikutaka hivyo.

— Basi ulitaka nini?

— Nilitaka uniulize nguzo zangu zinaendeleaje. Mara moja tu.

Mama Shuka alimtazama dada yake. Dada alikuwa anafuta mdomo wa birika kwa kitambaa, anafuta, anafuta, mahali pasipo na doa.

Redio hakuweza kuvumilia kimya. Kimya kwake ni ugonjwa.

— Sikilizeni, tusigombane wakati dawa ipo wazi. Tatizo la ukuta si ukuta. Tatizo ni ufupi. Tuupitishe mbele ya Mama Shuka, tuupitishe na mbele ya kibanda changu, kwisha habari.

— Baada ya kibanda chako ni nyumba yangu, akasema Breki.

— Basi tuupitishe na kwako.

— Baada ya kwangu ni kliniki.

— Kliniki ndiyo kabisa! Wajawazito wanakwenda pale. Tuupitishe na kliniki. Ukimaliza kliniki kuna uwanja wa mpira, ukimaliza uwanja kuna kiwanda cha mikate, ukimaliza mikate kuna...

— Kuna miamba, akasema Kontrakta, na sauti yake ikaanza kurudi. Hata kama alikuwa ameudhika, kuzungumzia ukuta kulimpa nguvu, akaendelea. Tukifika kwenye miamba tumefika. Tunaufunga pale. Ukuta mmoja, mtaa mzima. Na si mfupi kama huu wa kwangu. Juu zaidi! Wimbi likija linagonga, linarudi kuwaambia wenzake.

— Juu kiasi gani? akauliza Breki.

— Juu hadi usione maji.

— Nikitaka kuyaona?

— Utaweka ngazi.

— Na mimi ningependekeza, Redio akadakia, tupande vipande vya chupa kule juu. Kama kwenye kuta za matajiri.

— Chupa za nini? Bahari ni mwizi?

— Imeiba nguzo asubuhi hii! Ikiweka mkono tu pale juu, inakatwa. Siku ya pili haiji.

Hata Mama Shuka ilibidi acheke, ingawa alikuwa anajuta kucheka. Redio kuona hivyo akanyanyuka kabisa, akawa anazungumza kwa mikono miwili.

— Kuna nchi moja, nilisikia, walichukua mabasi mabovu wakayazamisha mbele ya mji. Mabasi mazima, na viti vyake! Wimbi linaingia dirishani, linapotea humo ndani, linatafuta mlango wa kutokea mpaka linachoka.

— Nchi gani hiyo?

— Jina limenitoka.

— Mabasi yanatoa kutu, akasema Breki. Tairi ndiyo yenyewe. Tairi za malori, unazifunga kwa minyororo. Mimi nikienda kwa wenzangu gereji, kwa siku chache nakuletea tairi za kuzunguka mtaa huu wote.

— Umeona? Hata Breki ameachia breki! Sasa tuunganishe akili. Ukuta wa Kontrakta, mbele yake mabasi, mbele ya mabasi tairi, na katikati pampu. Pampu kubwa. Kazi yake ni kunyonya bahari ipungue kidogo.

— Yaani upunguze bahari? akauliza Mama Shuka.

— Kidogo tu. Sikusema tuimalize.

— Na hayo maji ukishayanyonya unayapeleka wapi?

— Hilo ni suala la wataalamu.

— Mtaalamu alikuja, akasema Mama Shuka. Yule mama wa ofisi ya mji, aliyevaa buti. Alisimama hapa hapa akatuambia tuipe bahari nafasi. Tuache ufukwe upumue, tupande majani, tuweke mteremko. Mlimfanyaje?

Walikumbuka walivyomfanya. Walimcheka. Redio alikuwa amemwuliza kama bahari ni mgeni, itandikiwe na kitanda. Mama Shuka mwenyewe alikuwa amecheka, tena kwa sauti.

Kabla hajajibiwa, honi ikalia nyuma yao. Lori la tipa lilikuwa limeingia kwenye kona, limejaza mtaa mzima, mawe yamelundikana juu hadi yanachungulia. Wenye mikokoteni wakabana kwenye kuta za maduka. Dereva, mtu mgeni kabisa, shati limemgandia mgongoni, akateremka akawafuata.

— Habari zenu. Mwenye mzigo nani?

— Mimi! Kontrakta akasimama, akavuta suruali juu. Karibu sana. Umefika wakati mzuri.

— Nimeziba njia, sitaki kukaa. Nimwage wapi?

— Ufukweni. Ni ya ukuta.

— Sawa. Ufukwe ni mrefu. Niambie ukuta unaishia wapi, nimwage pale mwisho, mafundi wasije wakahamisha mawe kwa mikono.

Lilikuwa swali la mtu anayetaka kwenda nyumbani. Hakuwa na lingine ndani yake. Kontrakta alinyoosha mkono kuelekea mpaka wa Mama Shuka, na mkono ukabaki hewani, kwa sababu Redio alikuwa anautazama. Akausogeza mbele kidogo, ukaelekea kibanda. Akakutana na macho ya Breki. Akausogeza tena.

— Pale, akasema.

— Pale wapi? Pale penye kamba?

— Sio penye kamba, akasema Redio. Mbele.

— Penye kibanda?

— Mbele kidogo, akasema Breki.

— Penye lile jengo jeupe?

— Hiyo ni kliniki, akasema Mama Shuka. Wanalaza watoto.

— Kwa hiyo ni hapo?

— Hapana!

Walisema wote kwa pamoja. Dereva aliwatazama mmoja mmoja, akafuta jasho kwa kiganja.

— Jamani, mimi nauliza kitu kidogo tu. Ukuta wenu uishie wapi?

Kule nyuma mtu wa mkokoteni akaanza kulalamika. Redio, kwa mara ya kwanza tangu kijiwe kianze, alifungua mdomo akaufunga bila kutoa kitu. Kontrakta aliketi.

— Basi nipeni kahawa wakati mnafikiri, akasema dereva.

— Kahawa imekwisha, akasema Dada.

Wakamgeukia. Birika lilikuwa jikoni, zito, na mvuke unatoka mdomoni mwake mbele ya macho ya watu wote.

— Mke wangu, birika si hilo limejaa? akauliza Kontrakta.

— Imekwisha. Itarudi mtakapompa huyu baba jibu lake. Tena mumjibu mkiwa kule chini, si hapa. Wewe kila siku unatembea juu ya ule ukuta. Uliwahi kuteremka ukautazama kwa mbele?

— Nautazama kwa mbele kufanya nini? Nimeujenga mwenyewe.

— Mimi niliteremka juzi, akasema Dada. Sauti yake ilipungua. Nilitaka kwenda kwa mdogo wangu nikashindwa kupita mlangoni kwake, nikapitia ufukweni. Nikaona. Nikarudi. Nendeni mkaone na ninyi.

Akafunika mkaa kwa jivu, akafungua kitambaa kiunoni, akatangulia.

Hakikuwa kijiwe cha kutembea kile. Kilikuwa cha kukaa. Lakini walimfuata, mmoja nyuma ya mwingine, na dereva naye akafuata kwa sababu hakuwa na la kufanya. Maji yalikuwa yamekupwa. Wakazunguka mwisho wa ukuta, pale mpakani, wakasimama kwenye shimo lililokuwa ua wa Mama Shuka. Nguzo iliyolala ilikuwa bado ina kipande cha kamba shingoni. Stoo ilikuwa karibu sana na ukingo, karibu kuliko Mama Shuka alivyokuwa amekubali nafsini mwake. Humo ndani kulikuwa na mashine yake ya kukamulia, pasi zake, na marobota ya shuka za kliniki.

Kontrakta hakuwa anatazama stoo. Alikuwa anatazama mguu wa ukuta wake.

Ulipojengwa, mchanga ulikuwa umefika kwenye magoti yake. Sasa ulikuwa umeondoka wote, na chini ya zege, kuanzia kwenye ncha kurudi nyuma kuelekea nyumbani kwake, kulikuwa na uwazi mweusi. Alipiga magoti kwenye maji. Akaingiza mkono. Ukaingia kiwiko, ukaingia bega, na bado vidole vyake vilikuwa vinashika hewa. Alikaa hivyo kwa muda, shavu lake limegusa zege, kama anayesikiliza mlango wa jirani.

— Kuna nini humo? akauliza Redio kwa kunong'ona.

— Hakuna kitu, akasema Kontrakta. Hicho ndicho kilichomo. Hakuna kitu.

Akautoa mkono. Mama Shuka alingoja apige kelele, alaumu mafundi, alaumu saruji. Badala yake akamtazama yeye, maji yakichuruzika kwenye mkono wake wa shati.

— Kumbe na mimi naliwa, shemeji. Wewe kwa juu, mimi kwa chini.

— Pole, akasema Mama Shuka, na akashangaa kuona anaimaanisha.

— Ukirefushwa, utaning'inia mrefu zaidi, ndivyo au sivyo?

— Ndivyo.

Breki alikuwa amechuchumaa, anapitisha kiganja kwenye kokoto.

— Madaraja, akasema.

— Madaraja nini?

— Nimepita juu ya madaraja maisha yangu yote. Miguu ya daraja hawaijengei ukuta. Wanamwaga mawe, makubwa, yaliyolegea, yamelala kwa mteremko. Maji yakija yanaingia katikati ya mawe yanachoka. Huwa najiuliza kwa nini hawayapangi vizuri. Kumbe yamekusudiwa.

— Ndiyo alichosema yule mama wa buti, akasema Dada. Mteremko.

— Basi ncha tuikunje, akasema Kontrakta. Tayari alikuwa anachora hewani kwa kidole, na sauti nene imemrudia. Tunavunja kipande hiki cha mwisho. Mguu wote wa ukuta tunaulaza mawe, mteremko, mpole. Hapa kwenye ncha mteremko unajipinda unarudi ndani, unakwisha kidogo kidogo. Wimbi lisipate kona ya kugeukia. Lakini shemeji...

— Najua, akasema Mama Shuka.

— Ukijipinda unaingia kwenye kiwanja chako.

— Najua. Chukua mbele yote. Sakafu ya kufulia, kamba, chote hadi kwenye mlango wa stoo. Na stoo yenyewe tunaibomoa tunaijenga nyuma, kule barabarani.

Alisema upesi, kwa sababu alijijua. Angengoja angeanza kuikumbuka ile sakafu, jinsi baba yake alivyoisawazisha kwa ubao akiwa amevua viatu. Dada alimgeukia.

— Mdogo wangu, una hakika? Hiyo sakafu ya baba...

— Sakafu nitamwaga nyingine. Nikiishikilia hiyo, nitaondoka nayo.

— Na sisi wa huku? akauliza Redio. Maana mawe yanakwisha kidogo kidogo, na mimi naanza.

— Wewe kibanda chako kina magurudumu, akasema Breki. Sukuma nyuma.

— Kina magurudumu?

— Ulikinunua kina magurudumu. Uliyafukia mwenyewe.

Dereva alikuwa amekaa juu ya nguzo iliyolala, anawasikiliza kwa subira ambayo hakuwa nayo mwanzo. Kontrakta alikwenda akamwonyesha kwa vidole: anza kumwaga hapa kwenye ncha, usiyarundike, yalaze. Dereva akasema sasa hilo ni jibu, akapanda kufuata lori. Na Dada akarudi jikoni, akaondoa jivu, akammiminia dereva kikombe cha kwanza kabla ya wateja wake wote.

Kazi ilikwenda kwa namna ya watu wale, yaani kwa kelele. Kontrakta alivunja ncha ya ukuta wake mwenyewe kwa nyundo. Alikataa kumpa fundi. Kila alipopiga alisema "umeona?" na hakuna aliyejua anamwambia nani. Breki alipanga mawe bila kuyapanga, akimfokea kila aliyejaribu kuyanyoosha. Yule mama wa ofisi ya mji aliitwa, akaja na buti zake, na Redio akamwambia mbele ya watu kwamba kile kitanda alichokiomba sasa kinatandikwa. Aliwaonyesha namna ya kusimika nyua fupi za fito na matawi juu ya ufukwe, kuanzia kwa Mama Shuka, kupita mbele ya Breki, hadi kliniki, ili upepo ukipita uache mchanga. Nyuma ya nyua wakapanda majani ya kutambaa, yale yenye maua ya zambarau yanayopenda chumvi. Wauguzi walitoka kwenye zamu wakapanda. Wacheza mpira walipanda vibaya, ikabidi wapande upya. Redio alifukua magurudumu akakuta moja lina pancha, akalalamika hadi kibanda kikafika nyuma.

Mama Shuka alihamisha stoo. Usiku wa kwanza alilala humo kulinda mashine yake, akalala vizuri, akaamka na wasiwasi kwa sababu hakuisikia bahari.

Bahari ikaja kukutana nao kwenye maji makubwa ya mwezi mpevu, pamoja na upepo. Ilianza mchana, mbingu imefunga, na hadi alasiri mawimbi yalikuwa yanapanda yakiwa yamebeba magogo. Watu walisimama barabarani kutazama. Kwa Kontrakta wimbi lilipanda mteremko wa mawe, likakwaruza, likapungua, likarudi likiwa jembamba. Lilipofika kwenye ile kona halikugeuka. Lilijipinda pamoja na mawe, likajimwaga kwenye kiwanja cha Mama Shuka, likatambaa hadi kwenye nyua, likakaa. Nyua za kwanza zilikwenda. Za pili zilikwenda nusu. Sakafu ya kufulia ilinyanyuka kipande kimoja, ikageuka, ikazama, na Mama Shuka aliitazama hadi mwisho bila kugeuza uso.

— Pole, shemeji, akasema Kontrakta kando yake, akipiga kelele ashinde upepo.

— Stoo iko wapi?

— Nyuma yako.

— Basi tuko sawa.

Kwa Breki maji yaliingia jikoni yakatoka. Kliniki walihamisha vitanda vya mbele kwa tahadhari, wakavirudisha kesho yake. Asubuhi upepo ulikuwa umetulia, na mbele ya nyua zilizobaki kulikuwa na kitu ambacho mtaa ule haukuwa umekiona kwa muda mrefu: mchanga. Si mwingi, lakini ni mpya, safi, umelala juu ya majani hadi yakabaki yametoa vichwa tu. Benchini Redio alikuwa ameshaanza kueleza jinsi yeye alivyolifikiria jambo lote tangu mwanzo, na kwamba kuna nchi moja, jina limemtoka, inataka kumwalika.

Mama Shuka hakwenda benchini asubuhi hiyo. Nyumba za wageni zilikuwa zimeingiwa na matope, na shuka zao zililetwa kwake kwa mkokoteni, lundo la rangi ya udongo. Umeme ulikuwa umekatika, mashine ya kukamulia imenyamaza. Alifua kwa mikono, na shuka ya kwanza ya kitanda kikubwa ilipotoka kwenye maji ya mwisho, ilimlemea. Alikuwa anajaribu kuizungushia kwenye nguzo aikamue peke yake, ndipo mtu akaingia uani kwa mlango wa mbele, bila hodi, akashika ncha ya pili.

— Umeacha nani na birika? akauliza Mama Shuka.

— Mume wangu.

— Atawaua watu.

— Watajua wenyewe. Zungusha kulia, mimi nazungusha kushoto.

Wakazungusha. Shuka ikajisokota katikati yao, ikawa nene, kisha nyembamba, kisha ngumu kama kamba ya meli. Maji yakaanguka kwenye sakafu mpya ambayo bado ilikuwa na harufu ya saruji.

— Kaza, akasema Dada.

— Nimekaza.

— Kaza tena. Bado inatoa.